Kilima Kilichogeuza Uso: Kisa cha Prado Iliyolala Mchangani Mambrui

Saa sita kasoro robo mchana, Jumamosi moja ya mwezi wa Februari, gari la tatu katika msafara wetu wa magari matano liliishiwa na nguvu mita mbili chini ya kilele cha kilima cha mchanga, kaskazini mwa Mambrui. Kijana aliyekuwa akiliendesha akakata usukani kushoto ili azunguke ajaribu tena. Gari likakaa ubavu. Magurudumu ya chini yakazama, ya juu yakabaki mepesi, na kwa pumzi mbili tatu sote tuliokuwa tukitazama tulijua kwamba likisogea kidogo tu litapinduka.

Halikupinduka, wala hakuna aliyeumia. Jioni ile kila mtu alisema kosa ni la kijana kukata usukani, nami nikasema hivyo hivyo. Lakini nimekaa na jambo hili tangu siku ile, nimerudi pale kwa miguu mara mbili, na sasa naona usukani ule ulikuwa kosa la mwisho tu katika mlolongo ulioanzia kwetu sisi wakubwa wake.

Kikundi chetu ni cha watu wa Malindi na Watamu wenye magari ya fobaifo, pamoja na fundi mmoja ambaye bila yeye nusu ya magari hayo yangekuwa yamesimama uani. Kiongozi wetu aliendesha magari Dubai kwa miaka mingi, na huko ndiko alikojifunza jangwa, Ijumaa kwa Ijumaa, katika klabu za madereva wanaoingia mchangani pamoja. Kanuni zetu zote ametuletea yeye. Hatuingii na gari moja peke yake. Kila gari lina bendera kwenye fimbo ndefu, ili aliye upande wa pili wa kilima aione kabla hajaliona gari lenyewe. Mbele kuna kichwa, nyuma kuna mkia, na anayepanda kilima husubiriwa afike upande wa pili na kusema kwa redio kwamba amefika ndipo mwingine aanze. Siku ile kichwa alikuwa yeye na Land Cruiser yake kuukuu, mkia nilikuwa mimi. Kati yetu kulikuwa na pikapu ya Hilux, Prado ya yule kijana, na Suzuki ndogo ya fundi. Kijana alikuwa na dadake kiti cha mbele. Ilikuwa mara yake ya pili tu kutoka nasi.

Tulivuka daraja la Sabaki saa mbili asubuhi, tukakata kulia kuelekea Mambrui, tukapunguza upepo wa matairi chini ya minazi. Mpango ulikuwa kupita ufuoni maji yakiwa yamekupwa, kwenye mchanga mbichi ulio mgumu, kisha kupanda vilima tukielekea kaskazini upande wa Ngomeni, halafu kurudi kwa njia ile ile. Ilikuwa bamvua. Pwani yetu hii siku za bamvua maji hukauka kabisa karibu na saa nne asubuhi na kujaa saa kumi jioni. Kila mvuvi analijua hilo bila kutazama karatasi, na mpango wetu ulilizingatia kwa kwenda. Kwa kurudi tulihesabu kwamba saa saba tungekuwa tumeshatoka.

Sasa kilima chenyewe, kwa sababu hapa ndipo kisa kilipo.

Kilima cha mchanga hakikui sawa pande zote. Upande unaopigwa na upepo huwa na mteremko wa pole, na chembe zake zimebanana kwa kusukumwa muda mrefu. Mchanga ukifika kileleni hudondoka upande wa pili, ukajilimbikiza mpaka unafika nyuzi 32 au 34 hivi, mwisho wa mwinamo ambao mchanga mkavu unaweza kuubeba, kisha unaporomoka. Upande huo wa kuporomoka ni laini kama unga uliochekechwa. Dereva wa mchangani hupanda upande wa upepo na kushuka upande wa kuporomoka, akiwa amenyoosha pua ya gari chini moja kwa moja. Kule kwenye ghuba ya Waarabu upepo mkubwa ni shamali, unaotoka kaskazini magharibi. Dereva aliyelelewa huko hujenga macho ya kukisoma kilima kutoka mbali, na macho ya kiongozi wetu ni mazuri. Nimemfuata miaka minne na sijamwona akikosea mteremko.

Lakini kwetu upepo una bwana wawili. Kuanzia Aprili hadi Septemba hivi kunavuma kusi, upepo wenye nguvu, na ndio unaovijenga vilima vile kwa mchanga ambao Mto Sabaki umeuleta kutoka bara na bahari kuurudisha ufuoni. Kusi huusukuma mchanga kuelekea kaskazini. Kwa hiyo ukitoka Mambrui unakuta uso wa kusini umelala, mgumu, unapandika, na upande wa kaskazini ndio unaoporomoka. Hivyo ndivyo tulivyovizoea vilima vile, kwa maana safari zetu nyingi tulizifanya Julai na Agosti, wakati wa baridi kidogo.

Kaskazi ikiingia, Desemba mpaka Machi, upepo unatoka upande wa pili. Hauna nguvu ya kukigeuza kilima kizima kwa msimu mmoja. Unachofanya ni kukinyoa kilele. Unachukua mchanga wa juu kabisa na kuumwagia upande wa kusini, ukatengeneza kijimteremko kipya, kifupi, cha mita mbili au tatu tu, juu ya ule uso mgumu wa zamani. Kutoka chini hukioni. Jua la saa sita halitupi kivuli cha kukuonyesha. Unaona uso ule ule uliopanda Agosti, na asilimia kubwa ni ule ule kweli, mpaka gurudumu la mbele linapofika pale ambapo Februari imemwaga mchanga wake.

Niliporudi kwa miguu wiki iliyofuata nilipanda kwa kuhesabu hatua. Chini, mguu ulizama kiasi cha unene wa kidole. Karibu na kilele ulizama mpaka juu ya kifundo, na kila hatua ilinirudisha nusu. Mpaka uko wazi kiasi cha kuukanyaga kwa mguu mmoja huku na mwingine huku. Kanuni ya kushuka garini na kukipanda kwa miguu kilima usichokijua tunayo. Hatukuifuata kwa sababu tulidhani tunakijua.

Land Cruiser ilipita. Kiongozi alikuja na mwendo wa kutosha, akahisi gari likizama, akaongeza mafuta, akavuka. Pikapu ikapita kwa shida, injini ikilia. Hapo kiongozi akashika redio na kusema maneno mawili: "Juu laini!"

Nimelifikiria sana neno hilo. Yeye alimaanisha mchanga wa juu ni mwororo, unazamisha, uje na nguvu. Mimi nilimwelewa hivyo kwa sababu nimezoea kumsikia. Kijana alisikia jambo lingine. Alituambia baadaye, bila kujitetea, kwamba yeye alielewa juu hakuna tabu, pamenyooka, basi akaondoa mguu kidogo kwenye mafuta asije akaruka kilele kwa kasi. Na kijana hakukosea Kiswahili. Barabara laini ni barabara nzuri. Siku hizi tunasema "juu panazama, njoo na nguvu", maneno matano badala ya mawili, na kila anayesikia lazima ayarudie kwa redio.

Kulikuwa pia na suala la upepo wa matairi. Sote tulishusha hadi paundi 18. Kijana alishusha hadi 26, akaogopa tairi lisitoke kwenye rimu, na hakuna aliyepita na kipimo kumwangalia. Hiyo ni kazi ya mkia, yaani yangu. Tofauti ya paundi nane inaonekana ndogo mpaka uipigie hesabu. Chukua Prado yenye watu na mizigo, tani 2.4 hivi, kila gurudumu likibeba kilo 600. Kwa paundi 26, tairi linahitaji kukanyaga kama sentimita 330 za mraba ili libebe uzito huo. Kwa paundi 18 linakanyaga kama 470. Tairi lililopunguzwa upepo hurefuka linapokanyaga zaidi ya linavyopanuka, likawa kama mnyororo wa trekta, likapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Juu ya uso mgumu wa chini, 26 zilimtosha. Kwenye zile mita mbili za mwisho hazikumtosha.

Basi gari likasimama. Angekanyaga breki taratibu, akatia gia ya nyuma na kurudi kwa mstari ule ule aliopandia, kisa kingeishia hapo. Ukirudi moja kwa moja uzito uko kwenye urefu wa gari, na gari ni refu kuliko lilivyo pana. Ukikata usukani umeuweka uzito kwenye upana, upande mmoja ukiwa juu, na mchanga wa chini ukiondoka kidogo kidogo kwa sababu umebeba zaidi ya fungu lake. Kijana alijua kukata usukani kwenye lami na kwenye matope ya Marafa. Hakuna aliyekuwa amemwambia, kwa sauti na kabla ya safari, kwamba mchangani ukishindwa kupanda unarudi ulikotoka.

Magurudumu ya kushoto yalikuwa chini, ya kulia juu. Dadake alikaa upande wa chini. Kwanza tulimwambia kijana azime injini na asiguse mlango wa kushoto. Yeye akatoka kwa mlango wa juu, kisha akamvuta dada yake apande juu ya viti atoke huko huko. Dada yule hakupiga kelele hata moja. Alipofika chini ndipo magoti yakamlegea, akakaa mchangani akiwa ameshika mtandio wake kwa mikono miwili.

Mwenye pikapu alikuwa ameshazunguka na kurudi upande wetu, na alitaka kumaliza kazi haraka. Ana moyo mzuri, na moyo mzuri ndio unaoua watu katika kukwamua magari. Alitoa mnyororo, akataka kuufunga kwenye kile kirungu cha kuvutia trela nyuma ya gari lake, aivute Prado kwa mpigo kutoka chini. Nilikataa. Tulizozana mbele ya watu, jambo ambalo silipendi, lakini sijuti. Kirungu cha trela kimetengenezwa kwa ajili ya trela inayofuata pole pole. Kikipigwa mtikiso wa gari zito lililozama huweza kukatika, na kikikatika kinaruka na kamba kama jiwe la kombeo. Australia, ambako watu huingia sana mchangani, wamekufa watu kwa kirungu hicho kupenya kioo. Mnyororo nao haunyumbuki, kwa hiyo nguvu yote inafika kwa ghafla. Tena hata kamba nzuri ya kunyumbuka, iliyofungwa mahali imara kwenye chesisi, isingefaa pale. Gari lililolala ubavu ukilivuta kutoka chini unalisaidia kupinduka.

Wakati tunabishana, mzee mmoja mvuvi alikuwa amesimama pembeni na mshipi wake mkononi. Alingoja tunyamaze.

"Wanangu," alisema, "gari halendi popote. Maji ndiyo yanayokuja."

Alituonyesha ufuo tuliopitia. Ulikuwa bado mpana, lakini alama zetu za matairi za asubuhi zilikuwa zimeanza kuliwa. Bamvua maji yetu hupanda zaidi ya mita tatu, na hayapandi sawasawa: yanaanza pole, yanamalizia pole, na nusu nzima ya kimo inakuja katika saa mbili za katikati. Siku ile saa mbili hizo zilikuwa sita hadi nane. Kama tungefuata njia yetu ya asubuhi, ilibidi tuwe tumeondoka kufikia saa saba. Ilikuwa saa sita na nusu.

Hapa palikuwa na uamuzi, na nadhani ndio uamuzi bora tuliofanya siku nzima. Kiongozi alisema: basi ufuo tuusahau. Tulikuwa tumeanza kuliona gari na maji kama tatizo moja lenye saa moja. Alipoyatenganisha, gari likabaki na wakati wote linaouhitaji, kwa sababu lilikuwa juu kabisa ya alama ya maji, na njia ya kutoka ikawa suala la baadaye.

Tukachimba. Watu wengi wakiona gari limelala hukimbilia kuchimbua magurudumu yaliyozama. Ni kinyume. Unachimba chini ya magurudumu ya juu, ili upande wa juu ushuke na gari lilale sawa. Tulichimba kwa mabeleshi mawili na sinia moja la pilau, kidogo kidogo, mmoja akiwa amesimama mbali kutazama mwinamo na kupiga ukelele tukitakiwa kuacha. Hakuna aliyeruhusiwa kusimama upande wa chini.

Kisha tukatia nanga. Hilo ni neno la yule mzee, na ndilo sahihi. Tulifukia tairi la akiba juu ya mteremko, kina cha kama mita moja, tukalizungushia mkanda na kuufunga kwenye chesisi nyuma ya Prado, ili mkia ushikwe na pua iwe huru kuanguka chini. Mzee aliangalia fundo letu, akalifungua, akalifunga lake. Tukachimba mfereji mbele ya gurudumu la kushoto, tukaelekeza usukani chini.

Kijana aliomba aendeshe yeye. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Kiongozi akamshika bega. "Gari hili nimelileta mimi huku," alimwambia. "Nitalishusha mimi." Akaingia kwa mlango wa juu, akatia gia nzito ya kwanza, akaacha miguu yote mbali na breki. Pua ikashuka kama mashua inapoliacha wimbi. Mkanda ukavutika, ukashika, tukaulegeza kidogo kidogo, na mara gari likawa limenyooka linateleza chini kwa mwendo wa mtu anayetembea. Ilikuwa saa nane na robo.

Chakula cha mchana sina la kusema juu yake, isipokuwa kwamba pilau ilikuwa na mchanga.

Suala la njia lilibaki. Mwenye pikapu alipendekeza tungoje maji yarudi, tuondoke ufuoni usiku. Kwa gari ingewezekana. Lakini usiku ndio wakati wa kasa. Majike hupanda ufuoni gizani kutaga, na taa za gari huwarudisha baharini. Vifaranga wakitoka shimoni usiku hutambaa kuufuata mwanga wa bahari, na kifaranga mwenye urefu wa kidole akiingia kwenye mtaro wa tairi huenda nao badala ya kuuvuka, mpaka kaa au jua limkute. Kasa wanalindwa na sheria ya wanyamapori ya 2013, lakini hata isingekuwepo sheria mimi nisingepita. Mchana tunapita chini ya alama ya maji kujaa, ambako bahari inafuta nyayo zetu na ambako hakuna kiota. Usiku hatupiti kabisa.

Kwa sababu hiyo hiyo hatukanyagi mlakasa, ule mtambaa wa maua ya zambarau unaoshikilia mchanga. Ukiukata, kilima kinaanza kutembea kuelekea mashamba ya watu. Wenzetu wa Lamu wametuuliza mara nyingi kwa nini hatuji kwao, kwenye vilima vya Shela, ambavyo ni virefu na vizuri kuliko vyetu. Jibu langu ni moja. Vilima vile ndivyo birika la mji wa Lamu. Mvua inazama mchangani na kukaa juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni nyepesi kuliko hayo, na kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 chini yake zinazoizuia chumvi. Ukiharibu kilima umeharibu kisima. Mahali pale ni pa kutembea kwa miguu, na penyewe pamehifadhiwa.

Mzee akatuonyesha njia ya mkokoteni inayopita nyuma ya vilima, katikati ya minazi na mivinje, mpaka barabara ya Mambrui. Ilipita kwenye shamba la shemeji yake. Alitangulia kuomba ruhusa, tukamngoja karibu saa nzima, na hakuna aliyelalamika. Tulipita kwa mwendo wa miguu, yeye mbele.

Tulipofika barabarani, adhana ya alasiri ilikuwa imeshapita zamani. Kiongozi alimwita kijana kando ya gari, lakini sauti yake tuliisikia sote. "Ningesema 'kanyaga', ungevuka. Nisamehe, mwanangu." Kijana akasema, "Ami, na mimi nilikuficha zile paundi." Mimi nikasema zangu kuhusu kipimo.

Tulitaka kumpa mzee chochote. Alikataa pesa. Akatuuliza kama mabeleshi yetu bado yako karibu, kwa maana ile mitaro tuliyochimba na kukanyaga juu ya alama ya maji ilikuwa bado wazi, na jua lilikuwa linakwenda. Tukarudi naye kwa miguu, wanaume saba na yule dada, tukaifukia yote na kuisawazisha kwa makuti hadi giza likaingia.